Zilipendwa na Nani? Kumbukumbu ya Shabiki na Nyimbo za Tancut Almasi Orchestra ya Iringa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna shabiki wa muziki wa dansi anavyoikumbuka Tancut Almasi Orchestra, bendi iliyokuwa na makao yake mjini Iringa na kuvuma katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Hoja kuu ni kwamba kumbukumbu ya shabiki ni aina ya uhakiki: ina vigezo, ina uteuzi na ina hukumu. Kwa kutumia Nadharia ya Upokezi, makala yanachunguza nyimbo tatu, yaani Nimemkaribisha Nyoka, Masafa Marefu na Butinini, kwa kuanzia kwenye majina yake, kwa kuwa jina ndilo sehemu ya wimbo inayodumu zaidi katika kumbukumbu. Makala yanabainisha kuwa shabiki huhukumu kwa usahihi kuhusu thamani ya nyimbo, lakini hukosea anapoeleza sababu za kutoweka kwa bendi. Kosa hilo lina athari: linaficha ukweli kwamba wanamuziki hawa walikuwa waajiriwa waliotegemea shirika la umma.

1.0 Utangulizi

Neno zilipendwa limezoeleka kiasi kwamba halichunguzwi tena. Hutumika redioni, kumbini na mitaani kutaja nyimbo za dansi za zamani, na msikilizaji wa Kiswahili hulielewa bila kufafanuliwa. Hata hivyo, umbo lake lina mengi ya kusema. Kiambishi zi- kinarejelea nyimbo. -Li- kinaonesha wakati uliopita. Na -w- ni kauli ya kutendwa. Tunaambiwa kuwa nyimbo zilipendwa, lakini hatuambiwi zilipendwa na nani, wala wapi. Mtenda ameachwa nje ya neno. Aidha, -li- inafunga jambo: kupenda kulikuwako, kukaisha.

Upungufu huo wa kisarufi unafanana na upungufu uliomo katika uchunguzi wa muziki wenyewe. Kazi mbili zinazorejelewa mara nyingi kuhusu muziki wa Tanzania ni ile ya Kelly Askew ya mwaka 2002, inayojikita zaidi Tanga, na ile ya Alex Perullo ya mwaka 2011, inayohusu Dar es Salaam. Zote mbili zimefungua njia pana, lakini zimeyaelekeza macho ya watafiti pwani. Wanafunzi wanaoandika tasnifu kuhusu nyimbo za dansi nao kwa kawaida huchagua Msondo, Sikinde au Maquis, bendi zilizokuwa Dar es Salaam na zenye wasikilizaji wengi wanaoweza kufikiwa. Nyanda za Juu Kusini hutajwa kwa chai, mahindi na misitu. Kwa dansi hutajwa kwa nadra.

Tancut Almasi Orchestra inapinga mazoea hayo. Hii ilikuwa bendi ya Iringa iliyosikika nchi nzima katika kipindi ambacho umaarufu wa dansi ulikuwa umekwishahamia Dar es Salaam. Waliobaki kuisimulia kwa wingi ni mashabiki wake. Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, masimulizi ya shabiki yana hadhi gani mbele ya mhakiki?

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Makala yanaongozwa na Nadharia ya Upokezi kama ilivyoasisiwa na Hans Robert Jauss kuanzia mwaka 1967. Jauss alisisitiza kwamba historia ya kazi ya fasihi haikamiliki kwa kuorodhesha waandishi na tarehe. Inahitaji pia historia ya waliozipokea kazi hizo. Kila msomaji huijia kazi akiwa na upeo wa matarajio, yaani jumla ya mazoea, kanuni na tajiriba zinazomfanya atarajie jambo fulani. Kazi hupimwa kwa namna inavyotimiza, inavyokiuka au inavyopanua matarajio hayo.

Kuihamishia nadharia hii kwenye wimbo wa dansi kunahitaji marekebisho mawili. Kwanza, mpokeaji wa dansi si msomaji. Ni msikilizaji na mchezaji. Mwili wake ni sehemu ya upokezi. Pili, upokezi huu haukutokea mara moja. Wimbo ulisikika ukumbini, ukasikika redioni, ukanakiliwa kwenye kaseti, na sasa unasikika tena ukiwa umezungukwa na miaka zaidi ya thelathini ya maisha ya msikilizaji. Kwa hiyo upeo wa matarajio wa shabiki wa leo una tabaka mbili: alivyotarajia akiwa kijana na anavyotarajia akikumbuka.

Kwa ajili ya tabaka hili la pili, makala yanatumia pia mawazo ya Svetlana Boym aliyetofautisha, mwaka 2001, hamu ya kale inayotaka kurejesha na hamu ya kale inayotafakari. Ya kwanza hutaka kuijenga upya nyumba iliyobomoka na kudai kuwa ndiyo ile ile. Ya pili hukaa kwenye magofu na kuuliza maswali. Shabiki wa dansi mara nyingi hubeba zote mbili kwa wakati mmoja, na kazi ya mhakiki ni kuzitenganisha.

Neno shabiki, kama linavyotumika hapa, halimtaji mtu mmoja. Linataja nafasi ya usemaji: sauti inayosikika katika vipindi vya redio vya nyimbo za zamani, kwenye vijiwe na majumbani, inayoanza kwa kudai kuwa muziki wa zamani ulikuwa na ujumbe na wa sasa hauna.

3.0 Bendi, Kiwanda na Barabara

Jina la bendi ni mahali pazuri pa kuanzia. Tancut ni ufupisho wa jina la Kiingereza la kampuni ya umma ya kukata almasi, Tanzania Diamond Cutting Company, iliyokuwa na kiwanda chake Iringa. Almasi ni neno la Kiswahili linalorudia kile ambacho ufupisho umekificha. Orchestra nalo linaiweka bendi katika kizazi fulani. Bendi za awali zilipendelea neno Jazz: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Neno Orchestra lilipata nguvu kwa kuja kwa wanamuziki kutoka Kongo, kama ilivyo katika Orchestra Maquis na Orchestra Safari Sound. Hivyo, maneno matatu ya jina hili yanabeba mambo matatu: shirika la umma, madini ya nchi na mtindo wa muziki uliovuka mpaka.

Mpango wa shirika kumiliki bendi haukuwa wa Iringa peke yake. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Taifa la Bima. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Katika mpango huu, vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Alipohama, alihama na sauti yake au vidole vyake; gitaa na ampulifaya vilibaki. Ukweli huu wa kiajira ni muhimu kwa hoja itakayofuata katika sehemu ya tano.

Katika Tancut walikuwamo waimbaji pacha wenye asili ya Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, pamoja na mpiga gitaa Kawelee Mutimwana. John Kitime, mpiga gitaa ambaye baadaye alijulikana pia kwa kuandika na kuzungumza hadharani kuhusu historia ya muziki wa Tanzania, naye aliwahi kuwa mwanabendi. Kama zilivyokuwa bendi nyingine za wakati huo, Tancut ilijitambulisha kwa mtindo wake, Kinyekinye. Jina la mtindo lilikuwa zaidi ya pambo. Lilimpa shabiki kitu cha kuwa mali yake: aliyesema yeye ni wa Kinyekinye alijitenga na wa Sikinde na wa Msondo, kama anavyofanya mpenzi wa timu ya mpira.

Mahali nako kunahitaji kuzingatiwa. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia haiingii katikati ya mji wa Iringa. Hupita chini, Ipogolo, na mji uko juu kilimani. Kutoka hapo barabara huelekea Mafinga, Makambako, Mbeya, na hatimaye Tunduma mpakani. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, hupita Makambako na Mbeya bila kufika Iringa. Kwa jiografia hiyo, Mbeya ndiyo iliyokuwa njia panda: ilikuwa na reli, barabara na mpaka, na muziki wa Zambia na Kongo uliingia nchini kupitia huko. Ingetarajiwa kwamba bendi kubwa ya kanda ingekaa Mbeya. Bendi ilikaa Iringa kwa sababu kiwanda kilikuwa Iringa.

Jambo hili linatoa aina mbili za upokezi ndani ya kanda moja. Kwa shabiki wa Iringa, Tancut ilikuwa bendi ya mji: wanamuziki walionekana mchana mitaani kama wafanyakazi wengine na usiku ukumbini kama nyota. Kwa shabiki wa Mbeya, hii haikuwa bendi ya mji wake. Ilikuwa bendi ya kanda. Upeo wake wa matarajio ulikuwa umejengwa pia na kalindula ya Zambia na rumba ya Kongo. Sauti ya pacha wale kwake haikuwa ngeni, ilikuwa sauti ya upande wa pili wa mpaka iliyojifunza kuimba kwa Kiswahili. Anayesema leo kwamba Tancut ilikuwa yetu huko kusini anasema kweli, ila neno yetu halina maana moja Iringa na Mbeya.

4.0 Nyimbo Tatu katika Sikio la Shabiki

4.1 Nimemkaribisha Nyoka

Katika nyimbo zote za Tancut, hii ndiyo inayotajwa kwanza. Shabiki huitaja kama wimbo wenye ujumbe, na akiulizwa ujumbe gani hujibu kwa neno moja: usaliti. Jibu hilo ni sahihi lakini ni fupi mno. Nguvu ya wimbo huanzia katika jina lake, na jina hilo linastahili kusomwa kiambishi kwa kiambishi.

Msemaji ni ni-. Kiambishi hiki hakina jinsia. Mwanamume na mwanamke wote huweza kuingia ndani yake bila kubadilisha hata herufi. Hii ni sababu mojawapo ya wimbo ulioimbwa na wanaume kukubalika kwa wasikilizaji wa kike kama kilio chao. Kiambishi -me- kinaonesha tendo lililokwishatendeka ambalo hali yake inaendelea. Nyoka amekwishaingia, na bado yumo. Jina lingekuwa Nilimkaribisha Nyoka, lingekuwa mwanzo wa hadithi iliyokwisha, inayosimuliwa na mtu aliyeokoka. Kwa -me-, msikilizaji anawekwa ndani ya nyumba pamoja na msemaji, hatari ikiwa haijaondoka. Kisha -m- inampa nyoka hadhi ya kiumbe anayepokelewa kama mgeni.

Kitenzi ndicho kiini. Kukaribisha ni tendo la adabu. Mswahili hufundishwa tangu utotoni kwamba mgeni hukaribishwa, na asiyekaribisha ndiye mwenye kosa. Methali kama kikulacho ki nguoni mwako hueleza kwamba adui yuko karibu, lakini haimlaumu aliyevaa nguo. Jina la wimbo huu linakwenda mbali zaidi: adui yupo ndani kwa sababu msemaji alitenda wema. Lawama na huruma vimewekwa juu ya mtu yule yule. Hapo ndipo wimbo unapokiuka matarajio. Msikilizaji aliyezoea nyimbo za maonyo, ambamo mwimbaji humwonya mwingine, anakutana na mwimbaji anayejishitaki.

Ipo tamaa, hasa kwa mhakiki anayejua historia, ya kumfanya nyoka huyu awe ishara ya siasa. Nusu ya pili ya miaka ya 1980 ilikuwa kipindi ambacho Tanzania iliingia katika makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti yake yaliyagusa mashirika ya umma. Ni rahisi kusema kwamba nyoka ni masharti hayo. Usomaji huo haukubaliki hapa. Hakuna kinachoulazimisha ndani ya jina wala katika kanuni za utanzu, na kwa miongo yote shabiki ameusikia wimbo huu kama jambo la nyumbani. Msikilizaji anapokubaliana na wenzake kwa muda mrefu hivyo, mhakiki anahitaji ushahidi mzito kumpinga. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kidogo lakini kina uzito: katika kipindi ambacho mambo mengi yaliyoaminiwa yalianza kulegea, wimbo uliopendwa sana ulikuwa ule unaouliza nini humpata mtu anayeamini.

4.2 Masafa Marefu

Jina la pili lina maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana. Masafa marefu ni umbali mkubwa, kama wa safari. Wakati huo huo, neno masafa lilikuwa la kila siku kwa msikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa kuwa redio ilijitambulisha kwa masafa yake, ya kati na mafupi. Neno hilo lilikuwa la barabara na la redio.

Kwa bendi ya Iringa, maana zote mbili zilikuwa hali halisi. Studio iliyorekodi bendi za dansi ilikuwa ya Radio Tanzania, jijini Dar es Salaam. Bendi za Dar es Salaam zilifika hapo kwa safari ya mjini. Bendi ya Iringa ilisafiri karibu kilomita 500. Baada ya kurekodiwa, sauti ilirudi Nyanda za Juu kwa njia ya hewa. Shabiki wa Mbeya aliweza kuisikia bendi ya jirani kupitia mnara wa pwani. Hili ndilo jambo ambalo usemi wa kawaida, kwamba redio iliunganisha taifa, hulipita haraka. Redio iliunganisha kwa kupitisha kila kitu mahali pamoja. Wimbo wa Iringa ulipofika Mbeya, ulifika ukiwa umepewa kibali na kituo cha taifa, na sehemu ya heshima aliyoipa shabiki ilitoka huko.

Kumbukumbu ya shabiki kuhusu wimbo huu huambatana na safari: mwanafunzi wa bweni, mtumishi aliyehamishwa, dereva wa lori la kwenda Zambia. Mhakiki mkali anaweza kuona hapa udhaifu, kwamba shabiki hazungumzii wimbo bali anajizungumzia mwenyewe. Kwa mujibu wa Nadharia ya Upokezi, hilo si udhaifu. Jina la wimbo limeacha nafasi, na msikilizaji ameijaza kwa umbali wake. Wimbo ambao jina lake lingetaja mji mmoja usingeweza kubeba safari nyingi hivyo.

4.3 Butinini

Wimbo wa tatu unaleta ugumu wa manufaa. Butinini si neno la Kiswahili sanifu ambalo msikilizaji wa kawaida angeweza kulitafsiri. Hata hivyo, mashabiki hulitaja kwa furaha, na wengi hawaoni haja ya kuuliza maana yake. Hapa dai la shabiki mwenyewe, kwamba muziki wa zamani ulipendwa kwa sababu ya ujumbe, linapingwa na mapenzi yake. Anachokipenda katika jina hili ni sauti: silabi nne zilizo wazi, zote zikiishia na irabu, zinazoitika vizuri mdomoni na kwenye gitaa.

Jambo hili linawagusa pia watafiti. Tasnifu nyingi za nyimbo huandikwa kwa kuorodhesha dhamira: mapenzi, ndoa, malezi, uzalendo, rushwa. Baada ya orodha huja fani, nayo huishia katika takriri, sitiari na tashibiha. Muundo wa wimbo wa dansi hauonekani katika uchambuzi wa aina hiyo. Wimbo wa dansi kwa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu, ambamo beti huimbwa na hali huelezwa. Ya pili ni ya kuchangamka, ambayo wanamuziki huiita chemko au sebene. Maneno hupungua, gitaa la solo hutangulia, kiitikio hurudiwa na wachezaji hujaza ukumbi. Mchambuzi anayenakili maneno peke yake hupata karibu nusu ya wimbo na kuiita wimbo mzima.

Shabiki hatendi kosa hilo. Anapoikumbuka Butinini, huimba gitaa kwa mdomo. Hunyamaza pale ambapo waimbaji hunyamaza na kuingia pale ambapo kiitikio huingia. Vivyo hivyo husifu sauti za pacha kwa sababu zilifanana bila kuwa moja, na hiyo ni hukumu ya kiufundi kuhusu upatanifu wa sauti, ingawa hakuiweka katika istilahi. Katika hili shabiki amemtangulia mhakiki.

5.0 Kile Ambacho Kumbukumbu Hukiacha

Hadi hapa makala yamemtetea shabiki. Sehemu hii inamhoji. Anapoeleza sababu za bendi kutoweka, shabiki kwa kawaida hutoa maelezo ya kizazi: vijana waliacha muziki wenye maadili wakafuata Bongo Fleva. Maelezo haya yamerudiwa hadi yamekuwa kama methali. Mpangilio wa matukio hauyaungi mkono.

Mageuzi ya uchumi yalianza kuyabana mashirika ya umma katikati ya miaka ya 1980, na ubinafsishaji wake ukapangwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vituo vya redio vya binafsi vilianza kusikika mwaka 1994, na Bongo Fleva ilipata nguvu baada ya hapo. Shirika linapohesabu hasara, bendi ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kupunguzwa, kwa kuwa haiingizi kile ambacho shirika liliundwa kukiingiza. Bendi ya kampuni ya almasi ilitegemea kampuni kwa mishahara, vyombo na usafiri. Kampuni ilipoyumba, mapenzi ya mashabiki hayakuweza kuibeba. Kijana wa Mbeya aliyependa rap mwaka 1998 hakuiua bendi iliyokuwa imekwishapoteza mwajiri wake.

Kosa hili si dogo. Linahamisha swali kutoka kwenye ajira na kulipeleka kwenye maadili. Likibaki la maadili, suluhisho ni kuwakemea vijana. Likirudishwa kwenye ajira, yanafuata maswali mengine: wanamuziki walibaki na nini baada ya vyombo kurudi kwa mwenye mali? Nani alimiliki rekodi zilizofanywa redioni? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, wakati nyimbo nyingi zilizoitwa zilipendwa zilikuwa zimekwisharekodiwa na kunakiliwa kwenye kaseti kwa miaka mingi. Shabiki aliyenunua kaseti ya kunakiliwa sokoni Mwanjelwa au Iringa mjini aliulipa upendo wake kwa mtu asiye mwimbaji. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Hakuwa na mahali pengine pa kununua. Lakini kumbukumbu inayosifu sauti na kunyamazia malipo ni kumbukumbu nusu.

Hapa tofauti ya Boym inaonesha manufaa yake. Hamu ya kale inayotaka kurejesha huota bendi ikirudi jukwaani na ukumbi ukijaa kama zamani, bila kutaja mshahara uliowezesha ukumbi kujaa. Hamu inayotafakari husikiliza wimbo ule ule na kukumbuka pia kiwanda. Katika Iringa ya leo, inayojulikana zaidi kwa vyuo kuliko kwa almasi, hamu ya aina ya pili ni ngumu kuishikilia kwa sababu alama zake zimebaki chache. Jina la bendi ndilo alama kubwa iliyosalia. Kijana anayeuliza Tancut maana yake nini amekwishafungua mlango wa historia ya kazi katika mji huo.

Lipo pia jambo la mipaka. Katika miaka ya 1980 Mkoa wa Iringa ulijumuisha Njombe, iliyokuwa mkoa mwaka 2012, na Mkoa wa Mbeya ulijumuisha Songwe, iliyokuwa mkoa mwaka 2016. Shabiki wa Makambako aliyesema bendi yetu ya Iringa alikuwa akizungumza kama mkazi wa mkoa huo. Leo anahesabiwa katika mkoa mwingine. Mtafiti anayekusanya kumbukumbu kwa kufuata mipaka ya sasa atawapoteza wasikilizaji waliokuwa kiini cha upokezi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yalianza na neno lisilotaja mtenda. Uchambuzi umeonesha kuwa mtenda huyo anaweza kutajwa, angalau kwa sehemu. Nyimbo za Tancut Almasi zilipendwa na watu wa kilimani Iringa waliowaona wanamuziki wakienda kazini; zilipendwa na watu wa Mbeya waliozisikia kutoka pwani na kuzitambua kuwa za jirani; zilipendwa na wasafiri wa barabara kuu waliozijaza safari zao. Kila kundi lilikuwa na upeo wake wa matarajio, na kila moja lilihakiki kwa vigezo vyake.

Imebainika pia kwamba shabiki ana nguvu pale ambapo uchambuzi wa kitaaluma umekuwa dhaifu, yaani katika kusikia wimbo mzima pamoja na gitaa na kiitikio chake. Ana udhaifu pale ambapo nyaraka zina nguvu, yaani katika mfuatano wa matukio na sababu zake. Kumtumia kama chanzo cha tarehe ni kumwonea. Kumpuuza kama mhakiki ni kujinyima.

Mapendekezo mawili yanatokana na matokeo haya. Kwanza, tafiti za nyimbo za dansi ziwahoji wasikilizaji wa Iringa, Makambako na Mbeya wangali wapo, na maswali yasiishie katika ujumbe bali yaguse sauti, uchezaji, mahali na malipo. Pili, uchambuzi wa wimbo wa dansi uhesabu sehemu ya chemko kuwa matini, na kutoihesabu kutolewe sababu kila inapotokea.

Tofauti kati ya -li- na -me-, iliyojitokeza katika sehemu ya kwanza na ya nne, inabaki kuwa muhtasari wa suala zima. Jina la utanzu linasema kupenda kumekwisha. Jina la wimbo maarufu zaidi wa bendi linasema jambo bado limo ndani ya nyumba. Kwa ushahidi wa mashabiki wenyewe, wanaouimba wimbo huo hadi leo na ambao suala la haki za waimbaji wao halijafungwa, sarufi ya wimbo iko karibu zaidi na ukweli kuliko sarufi ya jina la utanzu.